Panya wa kisiwani hawamaliziki: tafuta yupi hakufikiwa

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuanza kazi ya kumaliza panya kisiwani. Umeweka makasha ya chambo, umekanyaga maweni mpaka viatu vimetoboka, mwezi umepita bila kuona panya, halafu asubuhi moja unakuta mavi mabichi juu ya gunia la mchele. Kabla ya kuongeza sumu, kaa chini kwanza. Kuongeza sumu bila kujua kosa liko wapi ni hasara juu ya hasara, na wa kwanza kuumia ni ndege na kuku wa watu.

Kupunguza panya na kumaliza panya ni kazi mbili tofauti. Shambani ukiua 9 katika kila 10, umeokoa mavuno. Kisiwani wakibaki wawili tu, dume na jike, umerudi ulikoanzia. Jike hubeba mimba kwa wiki 3 hivi, huzaa watoto 5, 6, hata 8, na hao nao baada ya miezi 3 au 4 wanaanza kuzaa. Katika nchi za baridi kuna majira ambayo panya hawazai na chakula hakipo, nao hukimbilia chambo kwa njaa. Huku kwetu kwenye joto wanazaa karibu mwaka mzima, minazi inaangusha chakula kila siku, na kaa wanagombania chambo. Ndiyo maana kampeni za visiwa vya joto zimeshindwa kwa kiwango mara 2 au zaidi kuliko zile za visiwa vya baridi.

Kwa hiyo acha kuuliza umeua wangapi. Uliza ni panya yupi hakufikiwa, na kwa nini. Majibu yake ni manne: chambo hakikumfika, kilimfika lakini hakukila, alikila lakini hakikumuua, au hakuwepo kabisa, amekuja baadaye. Nimeona watu wazima wenye uzoefu wakibishana wiki nzima kwa sababu kila mmoja alikuwa na jibu lake kichwani kabla ya kuangalia dalili.

Na kazi hii inawezekana. Chumbe, kile kisiwa kidogo kusini magharibi mwa mji wa Zanzibar, kiliondolewa panya weusi mwaka 1997, pamoja na maweni yake, msitu wake na kaa wake wa minazi. Faida yake haiishii nchi kavu. Mwaka 2018 watafiti waliolinganisha visiwa vya Chagos, katika Bahari ya Hindi, vyenye panya na visivyo na panya walitoa matokeo yao: pasipo na panya, ndege wa baharini walikuwa wengi mara 760. Mbolea ya ndege hao huoshwa na mvua mpaka kwenye matumbawe, na samaki wa miamba hiyo walizidi kwa uzito kwa asilimia 48. Mvuvi anayetega dema nje ya kisiwa chenye panya anaibiwa na mnyama asiyemwona.

Kwanza, una hakika ni panya?

Okota vidaka na vitale vilivyoanguka chini ya mnazi, vigeuze uangalie upande wa kikonyo. Panya hutoboa huko, karibu na kikonyo, tundu la mviringo linaloingia moja kwa moja mpaka kwenye maji. Pitisha kidole ukingoni: utahisi vijifereji vidogo viwili viwili, sambamba, kama vilivyochongwa kwa patasi ndogo. Hayo ni meno ya mbele. Kaa hana meno ya namna hiyo. Yeye huchana makumbi kwa gando na kuacha nyuzi zimetapakaa. Ukikuta nyuzi nyingi bila vijifereji, usimsingizie panya.

Mavi ya panya mweusi yana urefu wa kama sentimita 1, yamechongoka ncha mbili. Weka pia vijipande vya nta vilivyochanganywa na siagi ya karanga au nazi ya kukuna, vipigilie kwenye miti kwa urefu wa kiuno, uvisome kila wiki. Nta hushika alama za meno vizuri kuliko kitu chochote ninachokijua, na huhitaji umeme wala betri.

Chambo kinaisha kila usiku, lakini panya hawapungui

Hii ndiyo dalili inayodanganya watu wengi, kwa sababu inafanana na ushindi. Kwenye kisiwa kimoja nilichofanya kazi tulifurahi siku 6 mfululizo: kila asubuhi makasha matupu, kila jioni tunajaza. Usiku wa saba nilitoka na tochi. Katika kasha la kwanza kulikuwa na duvi 11, wale kaa wanaobeba makombe ya konokono, wamebanana kama abiria wa daladala, kila mmoja ana kidonge chake. Katika makasha 10 niliyofungua, panya sikumwona hata mmoja. Tulikuwa tunawalisha duvi, na panya wakiwa juu ya minazi yao.

Sababu ni hii. Sumu inayotumika sana katika kazi hii, brodifakumu, huzuia mwili kutumia vitamini K, damu ikashindwa kuganda. Damu ya kaa haigandi kwa njia hiyo, basi anakula usiku baada ya usiku na hafi. Ila sumu hukaa mwilini mwake, na hilo nitalirudia.

Namna ya kuhakikisha: kabla ya kampeni, tumia chambo kisicho na sumu. Pima miraba michache ardhini, hesabu vidonge jioni, hesabu tena asubuhi, kwa usiku 4 au zaidi. Kipo chambo cha majaribio chenye rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Ukikitumia, tega panya wachache kisha umulike mdomo, tumbo na mavi yao. Asiyeng'aa hakula. Hapo huhitaji kubahatisha.

Dawa yake iko namna mbili. Kama unatumia makasha, yainue: yapigilie kwenye shina la mti, au yasimamishe juu ya vigingi laini vya plastiki ambavyo duvi hawezi kuvipanda. Kumbuka kwamba kaa wa minazi anapanda, na kasha jepesi analivunja, kwa hiyo mbao iwe nene. Kama unamwaga chambo kwa mkono au kwa helikopta, ongeza kiasi mpaka kibaki cha panya baada ya kaa kushiba. Palmyra, katikati ya Pasifiki, walijaribu kwa makasha mwaka 2001 wakashindwa. Walirudi mwaka 2011 na kumwaga kilo 80 kwa hekta, kisha kilo 75 katika mzunguko wa pili, na panya wakaisha. Linganisha na Campbell, kisiwa baridi cha New Zealand chenye hekta 11,300, ambacho mwaka 2001 kilitumia tani 120, yaani kilo 10 na kitu kwa hekta. Anayechukua vipimo vya nchi ya baridi na kuvileta kwenye kisiwa cha kaa amepanga kushindwa kabla hajapakia mashua.

Chambo kipo tele, hakiguswi

Anza na kitu chepesi: chambo chenyewe. Kivunje ukinuse. Kidonge kilichopata unyevu kinafanya ukungu ndani ya siku chache za hewa ya bahari, na panya anajua kuchagua. Hifadhi magunia juu ya mbao, mbali na petroli. Harufu ya mafuta ikishaingia kwenye chambo haitoki.

Kama chambo ni kizima, angalia juu. Kuna kitu gani kimeiva? Kisiwa cha Henderson katika Pasifiki ya kusini, chenye hekta 4,300 hivi, kilimwagiwa chambo mwaka 2011. Panya walikuwa makumi ya maelfu, na hesabu ya vinasaba ilionyesha baadaye kwamba waliosalia hawakufika 100. Hao wachache walitosha kukijaza kisiwa tena. Waliochunguza wakaona kwamba mwaka ule msitu ulikuwa na matunda mengi kuliko kawaida. Panya aliyeshiba matunda hana haja na kidonge kikavu.

Basi majira ni nusu ya kazi. Kwa mwambao wetu mimi huegemea mwisho wa kipupwe, mwezi wa Septemba, kusi imeshapoa na vuli haijaanza: majani yamekauka na embe hazijaiva. Lakini kila kisiwa kina kalenda yake. Penye mikungu mingi, au mbuyu unaodondosha, waulize wazee wanaochuma huko ni mwezi gani chini hakuna kitu. Jibu lao ni bora kuliko jedwali la mvua. Na mwaka ukibadilika, ikanyesha isivyotarajiwa, ahirisha. Inauma kuahirisha wakati mashua imeshalipwa, lakini kurudia kampeni nzima kunauma zaidi.

Kuna pia woga wa kitu kipya. Panya huliogopa kasha geni kwa siku kadhaa. Weka makasha matupu wiki 2 au 3 kabla, yashike harufu ya kisiwa, ndipo utie chambo.

Dalili ziko kona moja tu

Hapa jibu karibu kila mara ni kwamba chambo hakikumfika. Chora ramani ya alama zote ulizopata na uiweke juu ya ramani ya makasha. Penye chakula kingi panya hatembei mbali; mwingine anaishi maisha yake yote kwenye minazi michache. Makasha yakiwa mbalimbali kwa mita 100, kuna panya ambao hawatakutana na hata moja. Kwa panya mweusi kwenye kisiwa cha joto, mita 25 ndiyo salama, na isizidi 50. Njia ya miguu ikipinda kukwepa kichaka cha miba, makasha nayo yanapinda, na nyuma ya kichaka kunabaki ukoo mzima.

Mahali ambapo mimi hutazama kwanza: vijisiwa vya mwamba vinavyounganika na kisiwa maji yakitoka wakati wa bamvua, mikoko, ambako makasha hayakuwekwa kwa sababu maji yanapanda, mapango ya maweni, darini kwa mlinzi, shimo la takataka nyuma ya jiko, na vilele vya minazi, hasa minazi iliyoinamia baharini. Palmyra walilazimika kupandisha vifuko vya chambo mpaka kwenye vilele, kwa sababu panya wa huko hawakuwa na haja ya kushuka. Kwetu kazi hiyo ina mwenyewe: mkwezi. Mlipe vizuri, mpe glavu, mfundishe kuning'iniza kifuko kwenye karara kavu ili kisianguke, na mwulize aliona nini juu. Mkwezi mmoja alinionyesha kiota cha makuti yaliyotafunwa kikiwa mita 12 kutoka ardhini, na ndani yake vitale vitatu vilivyotobolewa upande mmoja. Chini ya mnazi ule kasha letu lilikuwa halijaguswa mwezi mzima.

Penye watu, kosa mara nyingi liko nyumbani. Wake, kisiwa cha Pasifiki chenye kambi ya jeshi la Marekani, kilifanyiwa kampeni mwaka 2012; aina moja ya panya, wale wa Asia, waliisha, na aina ya pili, wa Polynesia, wakabaki. Penye majengo, kila chumba, kila dari na kila pipa liingie kwenye mpango kama kichaka cha msituni. Mwenye nyumba asipokubali, kazi isianze. Kaa naye, mweleze, kunywa chai yake, rudi kesho. Mlango mmoja uliofungwa unatosha kuharibu kisiwa kizima.

Kimya wiki 5, kisha panya wadogo

Ukiona panya wachanga wenye mwili mdogo na masikio makubwa, wala humwoni mkubwa, fikiria kiota. Mama alikula sumu akafa, lakini watoto waliokuwa karibu kuachishwa maziwa walitoka wenyewe siku chache baadaye na kukuta chambo kimekwisha au kimeoza. Sumu hii huua taratibu, baada ya siku 3 mpaka 10 hivi. Huo ni uzuri wake, maana panya haunganishi chakula na ugonjwa, lakini mama bado ananyonyesha siku hizo.

Dawa ni mzunguko wa pili, na muda uhesabiwe kwa ajili ya watoto hao. Kumwaga tena baada ya siku 10 ni mapema mno kwenye kisiwa ambako panya wanazaa mfululizo. Wiki 3 ni afadhali. Kwenye makasha, usiyaondoe hata kama hayaguswi. Yaache yamejaa kwa miezi.

Anakula kweli, na hafi

Ni nadra, lakini ipo. Uliza historia: je, hapa pamewekwa sumu ya dukani kwa miaka mingi, kidogo kidogo, bila kumaliza? Sumu za zamani za aina ya warfarini zimezalisha panya sugu sehemu nyingi za dunia, maana wanaobaki ndio wanaorithisha. Tega panya hai, walishe chambo chako ndani ya tundu, tazama. Na hakikisha chambo ni halisi. Pakiti zisizo na lebo za sokoni hazina nafasi katika kazi hii. Tanzania Bara viuatilifu viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na Zanzibar ina taasisi zake. Kibali kitafutwe kabla ya chambo.

Wanakufa wasiokusudiwa

Simamisha kazi siku hiyohiyo. Frégate, huko Shelisheli, panya wa Norwei, aina kubwa ya panya wa kahawia, walifika miaka ya 1990, kwenye kisiwa chenye ndege mweusi adimu, mwenye mabaka meupe mbawani, ambaye wakati huo alibaki kwenye visiwa vichache mno. Jaribio la mwaka 1996 liliachwa baada ya ndege hao kudhurika. Mwaka 2000 wakarudi kwa njia nyingine: ndege walikamatwa kwanza, wakatunzwa kwenye matundu mpaka chambo kikatoweka ardhini, na panya wakamalizwa. Mwaka huo kampeni hiyohiyo ilikwenda Denis na Curieuse, visiwa vingine vya Shelisheli. Denis ikabidi irudiwe 2002, Curieuse ikashindwa.

Kwako inamaanisha hivi. Kuku na mbuzi watoke kisiwani au wafungiwe. Mizoga ya panya ikusanywe kila asubuhi na kufukiwa, kwa sababu kunguru na bundi wanaokula panya aliyekula sumu nao hufa. Watu wasile kaa wa kisiwa hicho kwa miezi baada ya kampeni, mpaka vipimo viruhusu. Hili liandikwe ubaoni gatini na lisemwe msikitini. Mtoto au mbwa akila chambo, apelekwe hospitali au kwa daktari wa mifugo mara moja pamoja na pakiti yake. Tiba ni vitamini K1, nayo huendelea kwa wiki kadhaa hata kama anaonekana mzima.

Mwaka ulikuwa msafi, sasa wamerudi

Hapa ndipo watu wanagawanyika: walinzi wanalaumu mashua, wenye mashua wanalaumu chambo. Kuna njia ya kumaliza ubishi, lakini ni lazima uwe umeiandaa mapema. Kabla ya kampeni, tega panya 30 hivi pande zote za kisiwa, kata ncha za mikia, zihifadhi kwenye spiriti kali, kila chupa na lebo yake. Fanya hivyo pia kwa panya wa bandarini zinakotoka mashua. Akitokea panya mpya, vinasaba vyake vitasema kama ni mjukuu wa waliosalia au ni mgeni. Mgeni maana yake ulinzi wa gati umelegea. Aliyesalia maana yake kampeni ilikuwa na tundu, na utarudi kwenye sehemu zilizotangulia. Bila chupa zile unabaki na maneno.

Panya wa Norwei huvuka kilomita 1 ya maji kwa kuogelea, hata zaidi. Panya mweusi huvuka mita mia kadhaa. Tazama upana wa mlango wa bahari wakati maji yametoka kabisa, maana ramani haikuonyeshi fungu linaloibuka. Lakini wengi huja wamepakiwa: ndani ya mafungu ya makuti, magunia ya saruji, magodoro, mikeka iliyokunjwa. Mzigo ufunguliwe kwenye chumba kimoja kilichozibwa chenye mitego, usifunguliwe kivulini ufukweni. Kamba za mashua zinazolala gatini ziwekewe sahani za bati, na usiku mashua itie nanga mbali na gati.

Na usidharau alama moja. Mwaka 2004 watafiti wa New Zealand walimwachia kwa makusudi panya dume mmoja wa Norwei, aliyefungwa kifaa cha redio, kwenye kisiwa cha hekta 9.5 kisicho na panya. Wakiwa na mitego, mbwa na chambo, hawakumpata. Aliogelea mita 400 mpaka kisiwa kingine, na alinaswa baada ya wiki 18. Huyo walikuwa wanamjua kwa jina.

Kwa hiyo ukikuta nta imetafunwa mwezi wa 11 baada ya kampeni, piga picha siku hiyohiyo, itie kwenye mfuko safi, andika namba ya mti. Kabla jua halijazama zungusha makasha na mitego mita 25 kwa 25 kuzunguka mti huo, hadi mita 200 au mpaka baharini, na kagua kila chombo kilichofika katika mwezi uliopita. Ukimnasa, ncha ya mkia iende kwenye spiriti. Usitoe mtego hata mmoja kwa kuwa umemnasa huyo. Jike huenda ameshazaa. Hesabu ya miaka 2 bila alama, ambayo ndiyo inayokuruhusu kusema kisiwa hakina panya, inaanza upya siku hiyo.